Msiwafundishe kwamba Lennie ni Mbwa wa Candy

Barua ya wazi kwa walimu wa fasihi na watunga mitihani wanaosomesha riwaya ya Of Mice and Men

KUH: SWALI LA "JE, GEORGE ALITENDA HAKI?"

Walimu wenzangu,

Naandika kuhusu swali moja ambalo wengi wenu mmelitunga, mmelisahihisha, au mmelijibu wenyewe mlipokuwa wanafunzi: je, George alitenda haki kumuua Lennie? Riwaya yenyewe ni Of Mice and Men ya John Steinbeck, iliyochapishwa mwaka 1937, na swali hilo limekaa nayo madarasani muda mrefu hata limeshajizoesha kuja na jibu lake. Naomba mliweke kando, au angalau mlitangulizie mambo matatu nitakayoyataja mwishoni. Vijana wanaliweza swali zito. Kinachonisumbua ni jibu tunalowafundisha kuliandika.

Kwa msomaji ambaye hajakisoma kitabu, kisa ni hiki. George Milton na Lennie Small ni vibarua wanaohama kutoka shamba hadi shamba huko California, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. George ni mdogo wa umbo na mwerevu. Lennie ni pande la mtu, mwenye nguvu kupita kiasi na akili ya mtoto mdogo. Tangu shangazi yake Lennie, Clara, alipofariki, George ndiye mlezi wake. Wana ndoto ya kununua kishamba cha ekari kumi, wafuge na sungura. Lennie anapenda kupapasa vitu laini, na hajui kuzipima nguvu zake: ameua panya, ameua mtoto wa mbwa, na Jumapili moja alasiri ghalani anamvunja shingo mke wa Curley, mtoto wa kiume wa mwenye ranchi, akijaribu kumzuia asipige kelele. Anakimbilia vichakani kando ya mto Salinas, pale pale George alipomwagiza ajifiche akipatwa na matatizo. Curley anakusanya watu wamsake. George anamfikia kwanza. Anamwambia avue kofia, atazame ng'ambo ya mto, anamsimulia habari za kishamba chao na sungura wake, kisha anampiga risasi kisogoni.

Sijapata kukutana na darasa lililosoma kurasa hizo likabaki kavu. Ndiyo maana tunauliza kama ilikuwa haki. Na majibu, kwa wanaosahihisha, yanafanana kama sare za shule. Mwanafunzi anaanza na mbwa. Candy, mzee mfagiaji wa bweni la vibarua, ana mbwa mkongwe, kipofu, asiye na meno. Carlson, kibarua mwenzao, anamtoa mbwa huyo nje na kumpiga risasi kisogoni. Baadaye Candy anamwambia George kwamba angepaswa kumuua mbwa wake mwenyewe, asimwachie mtu baki. George anasikia, na siku ikifika anatumia bastola ile ile ya Carlson na kulenga mahali pale pale. Basi, anahitimisha mwanafunzi, George alijifunza kwa Candy. Hiki ni kifo cha huruma. Ni tendo la rafiki wa kweli. Nasi tunampa alama zake, kwa kuwa ameuona mfanano ambao mwandishi aliuweka makusudi.

Mfanano upo, sibishi. Ila mfanano wa matukio mawili hautoshi kuwa hoja ya kuyahalalisha yote mawili. Mwandishi anaweza kuweka vitu viwili sambamba ili tuone kwamba vimelingana, na anaweza kuviweka sambamba ili tushtuke kwamba kuna watu waliovilinganisha. Nitajaribu kuonyesha kwamba Steinbeck alifanya hilo la pili.

Turudi bwenini. Nani aliamua mbwa afe, na kwa sababu gani? Lalamiko la kwanza la Carlson ni harufu. Mbwa ananuka, analala humo humo na watu, na harufu haitoki. Habari za maumivu ya mbwa zinafuata baadaye, zikisaidia lalamiko ambalo lilishatolewa. Candy anajitetea: amekuwa na mbwa huyo tangu mdogo, alikuwa mchunga kondoo hodari. Anazitazama nyuso za wenzake akitafuta wa kumtetea. Anafika kwa Slim, mwongoza nyumbu, ambaye neno lake ranchini halipingwi. Slim anakubaliana na Carlson, na anaongeza kwamba yeye mwenyewe angependa apigwe risasi akizeeka na kulemaa. Kwisha habari. Slim huyo huyo, mbwa wake alipozaa watoto tisa, aliwazamisha majini wanne papo hapo kwa sababu mama yao asingeweza kuwanyonyesha wote. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Ndiyo hesabu ya ranchi: kisichofaa kazi, au kinachozidi chakula kilichopo, kinaondolewa, na anayekiondoa haraka ndiye mwenye huruma.

Candy anaielewa hesabu hiyo kuliko sisi. Alipoteza mkono wake kazini, akalipwa dola 250, akapewa ufagio. Anapoomba kujiunga na George na Lennie katika ndoto ya kishamba, anaeleza wazi kwamba muda si mrefu ataambiwa hawezi tena kufagia na atafukuzwa, na anatamani angekuwapo mtu wa kumpiga risasi siku hiyo, kama alivyopigwa mbwa wake. Tukikubali kwamba kisa cha mbwa ni funzo la huruma, basi Candy ndiye anayefuata kwenye foleni. Baada yake Crooks, mtunza farasi Mweusi mwenye mgongo uliopinda, anayelazimishwa kulala peke yake kwenye chumba cha matandiko ya farasi. Lennie ni wa tatu. Mwandishi aliyejaza ranchi moja walemavu watatu na mbwa mkongwe hakuwa anatufundisha jinsi ya kuua vizuri. Alikuwa anatuonyesha mahali ambapo thamani ya kila chenye uhai inasomwa kwenye daftari la mishahara.

Sasa tumtazame Lennie mwenyewe, jioni ile kando ya mto. Hana ugonjwa. Hana maumivu yoyote mwilini. Hajaomba kufa. Anangoja kukaripiwa na George, na hofu yake kubwa ni kwamba huenda asiruhusiwe kuwatunza sungura. Anajitolea hata kuhama, akaishi peke yake pangoni huko milimani, ili asimsumbue rafiki yake. Jimbo lile lile la California leo lina sheria, iliyoanza kutumika Juni 2016, inayomruhusu mgonjwa kupata dawa za kukatisha maisha yake. Masharti yake ni haya: awe mtu mzima, awe na uwezo wa kujiamulia, madaktari wathibitishe kwamba ugonjwa wake hauponi na unatarajiwa kumuua ndani ya miezi sita, aombe mwenyewe zaidi ya mara moja, na dawa azinywe mwenyewe. Mtu anaweza kuiunga mkono sheria hiyo au kuipinga kwa imani yake yote. Lakini Lennie, ukiacha umri wake, hatimizi sharti hata moja. Waliopigania kifo cha hiari kwa miongo mingi wasingemkubali kuwa mfano wao, na waliokipinga wasingemtaka pia. Ni madarasani mwetu tu ndimo Lennie anapowekwa kundi moja na mgonjwa anayeomba kupumzishwa.

Basi kama hakuwa mgonjwa, alikuwa anaokolewa kutoka kwa nini? Kutoka kwa Curley. Na hapa ndipo naomba tusome polepole, kwa sababu ukurasa unaoamua kila kitu hauko mtoni, uko ghalani.

Waswahili tunasema, asiyekuwapo na lake halipo. Lennie hayupo ghalani. George anapoiona maiti ya yule mwanamke, wazo lake la kwanza si bastola. Anamwambia Candy kwamba itabidi Lennie akamatwe na kufungiwa, kwa kuwa akiachwa atoroke atakufa njaa. Anatumaini hata kwamba huko atakakofungiwa watamtendea wema. Candy ndiye anayemkumbusha kwamba Curley atataka auawe. Ndipo George anapoomba dakika chache aende bwenini, na baadaye tunagundua kwamba bastola ya Carlson haipo. Wanafunzi wengi huishia hapo: ameamua. Hawaoni kinachofuata. Akiwa tayari anayo bastola mfukoni, George bado anamwuliza Slim kama haiwezekani wamlete Lennie afungiwe, kwani hakutenda kwa ubaya. Mtu aliyekwisha kuamua haulizi hivyo. Anauliza mtu anayetumaini kwamba mwenye sauti kubwa kuliko yake atafungua mlango mwingine.

Na Slim anajibu nini? Anakiri kwamba ingewezekana, endapo Curley angezuiwa. Kisha anaongeza kwamba hata akifungiwa, atafungwa kamba na kuwekwa kizimbani kama mnyama, na hilo halifai. George anasema anajua. Mazungumzo yamekwisha, na maisha ya mtu yamekwisha nayo.

Endapo Curley angezuiwa. Walimu wenzangu, Slim alishawahi kumzuia. Siku mbili tu kabla ya hapo, Lennie alimvunja Curley mkono katika ugomvi ambao Curley ndiye aliyeuanza. Slim alimwinamia Curley pale sakafuni, akamwambia aseme mkono umesagwa na mashine, na kwamba akithubutu kumfukuzisha Lennie, watu wote watasimuliwa ukweli na atakuwa kichekesho. Curley akatii. Slim alikuwa na nguvu hiyo, na aliitumia kuokoa kibarua cha Lennie. Kwenye kuokoa uhai wake, alimshauri Curley mara moja abaki na maiti ya mkewe. Curley akakataa, na Slim akanyamaza. Tena kumbukeni kwamba mtu alishatumwa mji wa Soledad kumwita naibu sherifu. Sheria, kwa ubora na ubovu wake, ilikuwa njiani. Hakuna mtu ranchini aliyependekeza waisubiri.

Ndiyo sababu sauti ya Slim mwishoni, anapomhakikishia George kwamba hakuwa na namna nyingine, inanikera kila nikiisoma. Wanafunzi huinukuu kama hukumu ya hakimu mwenye busara. Mimi naisikia kama neno la mtu aliyekuwa na namna nyingine mkononi mwake na hakuitumia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndivyo tunavyosema. Slim alimfaa George baada ya dhiki, kwa kumpeleka kunywa pombe. Kabla ya hapo Carlson, akiuliza ilikuwaje, anamtungia George maelezo kwa maswali yake mwenyewe: Lennie alikuwa na bastola, George akamnyang'anya, akampiga nayo. George anaitikia tu. Tendo tunalowaambia watoto kwamba ni la huruma, aliyelitenda hakuthubutu kulieleza lilivyokuwa mbele ya wenzake, na hadithi rasmi iliyobaki ranchini ikamfanya marehemu kuwa jambazi mwenye silaha.

Huenda baadhi yenu mnasema namwonea George. Hapana, na nitamtetea kwa hoja nzito kuliko ile ya mbwa. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Usiku wa tarehe 26 Novemba 1933, katika mji wa San Jose, kaskazini mwa bonde la Salinas, umati ulivunja jela, ukawatoa wanaume wawili waliotuhumiwa kwa utekaji na mauaji, ukawanyonga katika bustani ya mji. Gavana wa California, James Rolph, aliusifu umati huo hadharani. Steinbeck, mzaliwa wa Salinas, aliandika riwaya yake takriban miaka mitatu baadaye. Alijua umati unafanya nini, na alijua wakubwa wanasema nini baada yake. Hata hofu ya Slim kuhusu kizimba haikuwa ya kuzua. California ilipitisha mwaka 1909 sheria ya kuwafunga kizazi watu waliowekwa katika taasisi za wagonjwa wa akili na za wenye ulemavu wa akili, na hadi ilipofutwa mwaka 1979, watu wapatao 20,000 walikuwa wamefungwa kizazi, wengi wao bila ridhaa yoyote ya maana. Mtu kama Lennie hakuwa na mahali pazuri pa kupelekwa.

Kwa hiyo nakubali: George alikuwa na dakika chache tu, akiwa kati ya bunduki ya Curley, aliyeapa kumpiga Lennie tumboni ili ateseke, na taasisi iliyotisha. Alichagua kifo cha ghafla, kilichotanguliwa na maneno ambayo Lennie aliyapenda kuliko yote. Ningekuwa mmoja wa wazee wa baraza kwenye kesi yake, ningetafuta kila njia ya kumpunguzia adhabu. Lakini kumwonea mtu huruma kwa alilolitenda ni jambo moja, na kusema alilolitenda ni haki ni jambo jingine, na kazi ya mwalimu ni kuwafundisha vijana kutenganisha mawili hayo.

Mahakama zimewahi kuyatenganisha. Mwaka 1993 mkulima wa Saskatchewan nchini Kanada, Robert Latimer, alimuua binti yake Tracy wa miaka 12 kwa moshi wa gari. Tracy alikuwa na mtindio mkali wa ubongo, aliumwa mno, na alikuwa anangojea upasuaji mwingine. Baba alijitetea kwamba hakuwa na budi. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Kanada, mashirika ya watu wenye ulemavu yaliomba kusikilizwa, na mwaka 2001 majaji walikataa utetezi huo kwa kauli moja. Walisema anayedai kwamba hakuwa na budi lazima aonyeshe mambo matatu: hatari iko mlangoni, hakuna njia nyingine halali, na madhara aliyoyafanya hayazidi yale aliyoyaepusha. Zingatieni kwamba Tracy alikuwa na maumivu ya kweli mwilini, maumivu ambayo Lennie hakuwa nayo, na bado hoja haikusimama.

Mpimeni George kwa vipimo hivyo. Hatari ilikuwa mlangoni, ndiyo. Njia nyingine halali? Hapo ndipo kesi inapogeuka, kwa sababu kila njia nyingine iliyokosekana ilikosekana kutokana na uamuzi wa mtu mwingine: Curley aliyetaka kisasi, Slim aliyenyamaza, vibarua waliobeba bunduki bila kuuliza, gavana aliyebariki umati, jimbo lililojenga taasisi za kuwatisha watu. George alisukumwa hadi ukingoni na watu ambao baadaye wanaitwa mashahidi wa upendo wake. Hilo ndilo neno langu kuu katika barua hii. Kinachoitwa huruma mtoni ni kile kilichosalia baada ya kila mwenye uwezo kujitoa, na tukiwauliza wanafunzi kuhusu George peke yake, tunawasaidia wale wengine kutoroka.

Naye mke wa Curley anasahauliwa. Hana jina katika kitabu kizima, alitaka kuigiza sinema, akafa akilalamikia upweke wake kwa mtu pekee aliyekuwa tayari kumsikiliza. Katika insha nyingi anatajwa kama kichocheo cha tatizo la George. Mtu anayejadili haki katika riwaya hii bila kumtaja yeye kama marehemu wa kwanza bado hajaanza kujadili haki.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wachache huambiwa. Mwishoni mwa mwaka 1937, igizo la riwaya hii lilipokuwa jukwaani New York, Steinbeck alilieleza gazeti la New York Times kwamba Lennie alitokana na mtu halisi aliyefanya naye kazi mashambani. Mtu huyo hakuua mwanamke. Alimuua msimamizi wa shamba kwa uma wa nyasi, kwa hasira ya kufukuziwa rafiki yake. Na wakati mwandishi anayasema hayo, mtu huyo alikuwa hai, katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko California. Yaani njia ambayo Slim alisema haifai ndiyo iliyotokea kweli. Sidai kwamba maisha humo yalikuwa mema. Nimeshataja jimbo lilivyowatendea watu hao. Nasema tu kwamba wazo la kuwa hakukuwa na namna ni la ranchi ile ya kubuni. Nje ya kitabu, kwa mtu yule yule, namna ilikuwepo.

Kwa nini nasisitiza hivi juu ya mtu wa kubuni? Kwa sababu Lennie amekwisha kutoka kitabuni akaingia mahakamani. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Atkins dhidi ya Virginia, kwamba kumpa mtu mwenye ulemavu wa akili adhabu ya kifo kunavunja Katiba, ila ikayaachia majimbo yaamue nani ana ulemavu huo. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya jinai ya Texas, katika kesi ya Briseno, ilimtaja Lennie kwa jina: huenda wananchi wengi wa Texas wangekubali kwamba mtu kama yeye asamehewe kifo. Ikaweka na orodha ya maswali ya kumpima mshtakiwa. Agosti 2012 Marvin Wilson, ambaye kipimo kimoja cha akili kilimpa alama 61, aliuawa kwa sindano chini ya utaratibu huo. Thomas Steinbeck, mtoto wa mwandishi, alijitokeza na kusema baba yake angekasirika na kuona aibu kwa kazi yake kutumiwa hivyo. Mwaka 2017, katika kesi ya Moore dhidi ya Texas, Mahakama ya Juu iliikataa orodha ile kwa kuwa haikuwa na msingi wa kitabibu.

Mahakama ya Texas ilikosea kumfanya mtu wa kubuni kuwa rula ya kupimia watu walio hai. Hata hivyo tazameni ilimtumia upande gani. Ilimtaja kama mtu ambaye umma ungekubali asiuawe. Sisi, walimu wa fasihi, tunamtaja kama mtu ambaye darasa linakubali auawe, na tunatoa alama kwa anayekubali kwa ufasaha.

Na wazo kwamba kuna watu ambao kifo ni fadhila kwao halikuanza na kuishia kwenye riwaya. Miaka miwili baada ya kitabu hiki kutoka, Hitler alitia sahihi waraka, uliopewa tarehe ya 1 Septemba 1939, ukiwaruhusu madaktari kuwapa "kifo cha huruma" wagonjwa waliohukumiwa kuwa hawaponi. Kufikia Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 wenye magonjwa ya akili na ulemavu walikuwa wameuawa kwa gesi katika vituo sita. George hana undugu wowote na madaktari wale. Yeye alimpenda aliyemuua, na wao hata hawakuwatazama usoni waliowaua. Lakini mwanafunzi aliyezoeshwa kwamba maneno mazuri ya muuaji yanatosha kuthibitisha huruma, bila kumuuliza aliyeuawa, hana silaha ya kukataa maneno hayo yakija na muhuri wa serikali.

Katika darasa la wanafunzi arobaini, yamkini yupo mwenye kaka au dada mwenye ulemavu wa akili. Huenda hajawahi kumtaja shuleni. Anakaa kimya wakati wenzake wanainua mikono kueleza kwa nini ilikuwa heri Lennie afe. Tunamfundisha nini huyo kuhusu ndugu yake aliyeko nyumbani? Tunamfundisha nini kuhusu mzigo anaoambiwa ni wake peke yake, wakati jirani, shule, zahanati na serikali za mtaa wamekwisha kujitoa?

Basi maombi yangu ni haya matatu.

Kwanza, kabla ya kuuliza kuhusu George, waulizeni wanafunzi: ni nani ranchini alikuwa na uwezo wa kuzuia kifo cha Lennie, na alifanya nini? Watalazimika kumsoma Slim kama mtu mwenye wajibu, si kama sanamu ya busara. Wataona tofauti kati ya mkono uliovunjika na shingo iliyovunjika, na wataanza kuuliza kwa nini nguvu ya Slim iliishia katikati.

Pili, mfanano wa mbwa wa Candy usihesabiwe kuwa ushahidi wa haki. Mwanafunzi akiutaja, aulizwe: mfanano huu ni wa nani? Ni wa mwandishi, au ni wa ranchi? Na Candy na Crooks wanasimama wapi ndani yake? Jibu linaloishia kwenye bastola moja na kisogo kimoja lipewe alama za kuona, lisipewe alama za kufikiri.

Tatu, mpeni Lennie nafasi ya kusema. Waandalieni wanafunzi zoezi la kesi katika mji wa Salinas: naibu sherifu amefika kwa wakati, Lennie yuko hai, na mahakama inamsikiliza yeye, Candy, Crooks, mama wa marehemu, na Slim akiwa kizimbani kama shahidi anayehojiwa. Msiwape mwisho. Wajadili ulinzi wa jamii, maana mwanamke amekufa na hilo si dogo. Wajadili afungiwe wapi, na nani, kwa masharti gani. Wajadili nani alipe gharama. Huko ndiko lilipo swali la maadili, katika mambo ya kuchosha ya nani anamlea nani, kwa pesa za nani, na kwa ulinzi upi, ambayo ranchi iliyakwepa kwa risasi moja.

Baada ya hayo, kama bado mnataka kuuliza kuhusu George, ulizeni. Wanafunzi wenu watakuwa na haki ya kumhurumia, kwa sababu watakuwa wamekwisha kuwataja waliomwachia bastola.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mwenzenu wa fasihi